Maana ya "bora wa muda wote" katika tenisi

Katika vijiwe vya kahawa vya Dar es Salaam, maneno "bora wa muda wote" huhusu zaidi kandanda, na ubishi wake mara nyingi huishia kwenye Simba na Yanga. Wapenzi wa tenisi jijini ni wachache, lakini nao wana ubishi wao usiokwisha, ambao huamka upya kila inapooneshwa fainali ya Wimbledon: kati ya Rod Laver, Björn Borg, Pete Sampras, Roger Federer, Rafael Nadal na Novak Djokovic, nani zaidi? Na kwa wanawake, ni Margaret Court, Martina Navratilova, Steffi Graf au Serena Williams? Ubishi huo haufiki mwisho kwa sababu neno "bora" limebeba zaidi ya swali moja, na watu wawili wanaweza kukesha wakibishana huku kila mmoja akijibu swali lake.

Ili kuona ugumu ulipo, ni vyema kuanza na mchezo ambao Watanzania tunaujua vizuri zaidi kuliko tenisi. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, Filbert Bayi alishinda mbio za mita 1,500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa dakika 3 na sekunde 32.2, ambayo ilikuwa rekodi mpya ya dunia. Hicham El Guerrouj wa Moroko, aliyezaliwa miezi michache baada ya mbio zile, alikimbia umbali huohuo mwaka 1998 kwa dakika 3 na sekunde 26.00. Wawili hawa hawakuwahi kusimama kwenye mstari mmoja, lakini saa inawashuhudia wote. Mtu anaweza kubisha kuhusu viatu, kuhusu uwanja, kuhusu nani alivutwa na wenzake na nani aliongoza mwenyewe tangu mwanzo kama alivyofanya Bayi, lakini mita ni zilezile na sekunde ni zilezile.

Tenisi haina saa ya namna hiyo. Matokeo ya 6–4, 6–3 hayasemi mpira ulipigwa vizuri kiasi gani. Yanasema tu kwamba siku ile, kwenye uwanja ule, mmoja alimzidi mwenzake kwa kiasi fulani. Wanafunzi wawili walioanza kushika raketi mwezi uliopita wanaweza kumaliza mchezo wao kwa 6–4, 6–3, na fainali ya Wimbledon inaweza kumalizika hivyohivyo kwa seti mbili za mwanzo. Ni sawa na watoto wawili waliosimamishwa mgongo kwa mgongo: unajua nani mrefu, lakini hujui urefu wa yeyote kati yao. Kila namba inayotajwa katika ubishi huu, iwe ya mataji, ya michezo iliyoshindwa au ya wiki za kukaa kileleni, imetokana na vipimo vya mgongo kwa mgongo, na hilo ndilo jambo la kwanza la kushika katika dhana hii.

Wako wanaojaribu kuuepuka ugumu huo kwa kutengeneza mnyororo: huyu alimfunga yule, na yule alimfunga fulani wa zamani, kwa hiyo huyu ni zaidi ya wote. Mnyororo upo kweli, kwa kuwa vizazi hupishana, ila pete zake hukutana mahali pabaya. Federer na Sampras walikutana mara moja tu katika mashindano rasmi, katika raundi ya nne ya Wimbledon mwaka 2001, na Federer alishinda kwa 7–6, 5–7, 6–4, 6–7, 7–5. Federer alikuwa na umri wa miaka 19 na hakuwa bado na taji lolote kubwa, yaani la Australia, Ufaransa, Wimbledon au Marekani. Sampras alikuwa na miaka 29 na alikuwa bingwa wa miaka minne mfululizo katika viwanja vile. Mchezo ule ulimkutanisha mmoja akipanda ngazi na mwingine akiishuka. Vivyo hivyo, Djokovic alipofungwa na Carlos Alcaraz katika fainali za Wimbledon za 2023 na 2024, tofauti ya umri wao ilikuwa miaka 16, na wiki chache baada ya ile ya pili alimfunga Alcaraz huyohuyo 7–6, 7–6 katika fainali ya Olimpiki mjini Paris. Mwenye kutaka kuthibitisha chochote kwa michezo hiyo mitatu atapata anachokitaka.

Swali ambalo wengi huliuliza bila kujua kwamba wanaliuliza ni la pambano la kufikirika: Laver wa mwaka 1969 akikutanishwa na Djokovic wa mwaka 2015, nani atashinda? Swali hilo lina mvuto, lakini linavunjika mara tu mtu anapouliza watachezea nini na juu ya nini. Mzee mmoja wa Upanga, aliyecheza tenisi ujanani, bado ametundika ukutani raketi yake ya mbao, na nilipokwenda kumwamkia siku moja aliniruhusu kuishusha. Ilikuwa ndani ya kibano cha mbao chenye skrubu nne, moja kila pembe, kwa sababu unyevu wa pwani ukiipata mbao ikiwa wazi huipinda kama jani. Tulifungua skrubu, nikaishika: nzito kuliko nilivyodhani, na uso wake mdogo mno, wa inchi za mraba 65 hivi, wakati raketi nyingi za leo zinakaribia 100. Mzee alinirushia mpira uani. Nilipojaribu kuupiga kwa kuuzungusha kutoka chini kwenda juu, kama wanavyofanya vijana wa sasa, uligonga ukingo wa mbao na kurukia kwenye beseni la nguo.

"Sukuma, usikwangue," aliniambia. "Hii haitaki haraka, mwanangu."

Maelezo yale mafupi yana elimu nyingi. Mpigo wa leo wa kuuzungusha mpira kwa nguvu mno ili uvuke juu ya wavu na kudondoka ghafla ndani ya mstari umewezeshwa na uso mpana, fremu nyepesi ya nyuzi za kaboni, na baadaye uzi wa poliesta, ambao Gustavo Kuerten aliupa umaarufu aliposhinda mashindano ya Ufaransa mwaka 1997. Mwanamume wa mwisho kutwaa taji kubwa kwa raketi ya mbao alikuwa Yannick Noah, aliyekulia Kameruni, mjini Paris mwaka 1983. Viwanja navyo vilibadilika. Laver aliposhinda mataji yote manne mwaka 1969, matatu kati yake yalichezwa kwenye nyasi; mashindano ya Marekani yaliacha nyasi mwaka 1975, yakapita kwenye udongo na kuhamia sakafu ngumu mwaka 1978, na ya Australia yakafuata sakafu ngumu mwaka 1988. Ukimpa Laver raketi ya kaboni na miaka kumi ya kuizoea, au ukimpa Djokovic mbao na nyasi inayotelezesha mpira chini chini, utakuwa umeshaunda mtu mwingine, ambaye hana mataji yoyote. Kwa maoni yangu pambano hilo ni la kuburudishia kahawa tu.

Swali la pili ni la kuhesabu mataji, na ndilo linalotawala siku hizi kwa sababu linaonekana kuwa na jibu. Djokovic ana mataji makubwa 24 ya mchezaji mmoja mmoja, Nadal 22, Federer 20, Sampras 14, Roy Emerson 12, Laver na Borg 11 kila mmoja. Anayesoma orodha hii bila kujua historia ataamini kwamba Emerson alimzidi Laver. Ukweli ni kwamba hadi Aprili 1968 mashindano makubwa yalikuwa ya wachezaji wa ridhaa peke yao, na aliyekubali kulipwa alifungiwa mlango. Laver alishinda mataji yote manne mwaka 1962, akaanza kulipwa, na kwa kosa hilo akakosa mashindano makubwa 21 mfululizo, akiwa na umri wa miaka 24 hadi 29. Emerson alibaki katika ridhaa na kuvuna. Pancho Gonzales, ambaye wengi walimhesabu kuwa mkali kuliko wote katika miaka ya 1950, ana mataji makubwa mawili tu, ya 1948 na 1949, kwa sababu baada ya hapo alikwenda kulipwa. Mlango ulipofunguliwa alikuwa anakaribia kutimiza 40, na bado mwaka 1969, akiwa na miaka 41, alimshinda Charlie Pasarell pale Wimbledon katika mchezo wa gemu 112 uliochukua siku mbili.

Hata hivyo haitoshi kumwongezea Laver mataji ya kudhania. Kama milango ingekuwa wazi mapema, mwaka 1962 angepaswa kuwapita Ken Rosewall na Lew Hoad, ambao walikuwa upande wa kulipwa, na alipojiunga nao mwanzoni mwa 1963 alianza kwa kuchapwa na wote wawili. Kufungiwa kulimnyima mengi baadaye, na huenda kufungiwa kwa wenzake kulimpa kitu kabla. Sisi tunaelewa jambo hili kwa njia yetu: Bayi hana medali ya Olimpiki ya mita 1,500, kwa kuwa Tanzania haikushiriki Montreal mwaka 1976, na dhahabu ikaenda kwa John Walker, yuleyule aliyemaliza nyuma yake Christchurch. Hakuna anayehesabu medali hiyo kuwa kipimo cha nani alikuwa mkimbiaji bora kati yao, lakini katika tenisi hesabu ya namna hiyo hufanywa kila siku.

Isitoshe, desturi ya kuyahesabu mataji haya manne kama akiba ni changa. Borg alikwenda kucheza Australia mara moja tu, mwaka 1974, na hakuona amepungukiwa. Safari ilikuwa ndefu, na wachezaji wengi wakubwa wa wakati ule waliiacha. Alistaafu akiwa na miaka 26, jambo ambalo mtu anayekimbiza rekodi asingelifanya. Upande wa wanawake, Court ana mataji 24, sawa na Djokovic, lakini 11 kati yake ni ya Australia na 13 aliyapata kabla ya 1968, ndiyo maana wengi humweka juu yake Serena Williams mwenye 23 yote ya baada ya hapo. Kwa hiyo hata anayejigamba kwamba anahesabu tu, tayari ameanza kupima uzito wa kila taji. Na kuna wasioingia kabisa kwenye hesabu: Althea Gibson, mwanamke mweusi wa kwanza kutwaa taji kubwa, alizuiwa na ubaguzi wa Marekani kucheza mashindano ya taifa lake hadi mwaka 1950.

Linabaki swali ambalo mimi naliona kuwa na maana zaidi: mchezaji huyu alijitenga na wenzake wa wakati wake kwa umbali gani, na kwa muda gani? Hapa kipimo cha mgongo kwa mgongo kinatumika kihalali, kwa sababu wote walishika raketi za aina moja na kukanyaga viwanja vilevile. Navratilova alicheza michezo 87 mwaka 1983 na kufungwa mmoja. Graf alichukua mataji yote manne mwaka 1988 na kuongeza dhahabu ya Olimpiki ya Seoul. Nadal alicheza michezo 116 katika mashindano ya Ufaransa na kufungwa minne, akaondoka na mataji 14. Umbali kama huo unaweza kuwekwa kando ya umbali wa mtu wa kizazi kingine bila kuwakutanisha uwanjani, na ndiyo maana Laver wa mwaka 1969, aliyewapita wa ridhaa na wa kulipwa kwa pamoja, anastahili kutajwa pamoja na Djokovic ingawa hesabu zao hazikaribiani.

Kipimo hiki nacho kina tundu. Umbali una ncha mbili, na ukubwa wake unaweza kutokana na udhaifu wa waliobaki nyuma. Graf alikuwa akipoteza nafasi yake kwa Monica Seles, aliyekuwa na mataji makubwa manane akiwa na miaka 19, hadi Seles alipochomwa kisu uwanjani mjini Hamburg tarehe 30 Aprili 1993. Mataji mengi ya Graf yaliyofuata hayawezi kusomwa bila tarehe hiyo. Kinyume chake, Djokovic na Nadal walikutana mara 60, Djokovic akashinda 31 na Nadal 29, na Navratilova na Chris Evert walikutana mara 80, wa kwanza akishinda 43. Watu hao walipunguziana umbali, na mtu anaweza kusema kwa haki kwamba kila mmoja wao angeonekana mrefu zaidi kama mwenzake asingezaliwa.

Nilimuuliza yule mzee wa Upanga, alipokuwa akiirudisha raketi kwenye kibano, kwamba yeye angemtaja nani. Akasema Laver, bila kufikiri. Akakaza skrubu ya kwanza na ya pili, akanyamaza kidogo, kisha akaongeza kwamba mashindano makubwa ya kwanza ya milango wazi yalikuwa ya Paris, mwaka 1968, na katika fainali Laver alifungwa na Rosewall.