Sola kwa wote Arusha na Kilimanjaro: dhana zinazowapotosha viongozi wa mashirika

Kuanzia Longido hadi Same si ajabu kukuta shule au zahanati yenye paneli juu ya bati na giza ndani. Nembo ya mfadhili bado inasomeka ukutani, lakini betri ilikufa zamani. Mara nyingi lawama hubebeshwa fundi, wakati kosa lilifanyika ofisini mjini, siku mradi ulipopangwa. Kwa hiyo dhana zilizo hapa chini zinawahusu zaidi wakurugenzi, wajumbe wa bodi na maofisa miradi wa mashirika yasiyo ya kiserikali (NGO).

Dhana: "Jua ni la Mungu, umeme wake hauna gharama."

Jua halina bili, ila betri ina umri. Chukua zahanati ndogo ya kijiji: balbu 8 za LED za wati 7 kwa saa 6 (wati-saa 336), kompyuta mpakato ya wati 50 kwa saa 5 (250), darubini ya wati 20 kwa saa 4 (80), na simu 6 zinazochajiwa kwa wati 5 kila moja kwa saa 3 (90). Jumla ni wati-saa 756 kwa siku. Nyaya, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi) na betri yenyewe hula karibu robo ya umeme unaozalishwa, hivyo paneli zinatakiwa kutoa kama wati-saa 1,000. Panga kwa mwezi mbaya, na huku kwetu ni Juni na Julai, mawingu yanapotanda kutwa. Ukihesabu saa 4 za jua kamili kwa siku (mwanga wa kutwa ukijumlishwa kama jua kali la mchana), unapata paneli za wati 250. Weka 350, maana vumbi na uchakavu havisubiri.

Betri ya kuhimili siku mbili za mawingu lazima iweze kutoa wati-saa 2,000. Betri ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo unahitaji ujazo wa wati-saa 4,000, yaani betri mbili za volti 12 zenye Ah (amperi-saa) 200; volti mara Ah ndiyo wati-saa. Ya lithiamu, ile inayoandikwa LiFePO4, huvumilia kutumika hadi asilimia 80, na moja ya Ah 200 inatosha. Friji ya chanjo isiingizwe kabisa kwenye hesabu hii. Inatakiwa iwe na paneli zake peke yake, kwa sababu chanjo nyingi zinataka nyuzi 2 hadi 8 usiku na mchana, na muuguzi asifikishwe mahali pa kuchagua kati ya chanjo na taa ya kuzalishia.

Sasa fedha. Tuseme betri mbili za asidi zimegharimu shilingi 1,200,000 na zitadumu miaka 4. Hiyo ni shilingi 25,000 kila mwezi, na akiba inaanza mwezi wa kwanza, si betri inapoanza kuchoka. Zahanati ina akaunti yake ya benki na kamati ya usimamizi. Kifungu hicho kiingie kwenye mpango na bajeti ya kituo kabla hamjanunua hata skrubu. Shuleni kupata fedha hiyo ni kazi zaidi. Ada ndogo ya kuchaji simu za wanakijiji inaweza kubeba sehemu ya gharama, mradi mfumo uwe umepimwa kwa mzigo huo tangu mwanzo. Kama hakuna anayeweza kutaja fedha ya betri ijayo itatoka wapi, mradi haujawa tayari, hata kama mfadhili anataka fedha ziishe kabla mwaka wake wa fedha haujafungwa.

Kingine kinachoua mifumo ni mzigo unaoongezeka kimyakimya: televisheni, mashine ya kunyolea, birika la umeme. Birika la wati 2,000, kama inveta italikubali, likichemka dakika 10 hula zaidi ya wati-saa 330. Hizo ni sawa na taa zote nane za jioni nzima. Bandikeni ukutani orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa, na nyaya za taa za wodi zitengwe na za soketi ili soketi zikatike kwanza betri inaposhuka.

Dhana: "Kugawa bure ndiyo usawa."

Taa ya bure haina duka la kurudi. Swichi ikikatika, mwenye nayo hana risiti wala dhamana, na muuza duka wa Karatu au Longido aliyekuwa akileta taa zenye dhamana ameacha kuagiza kwa sababu hawezi kushindana na bure. Upande wa pili, kumtoza kila mtu bei kamili ni kuwaacha nje walewale ambao shirika lilianzishwa kwa ajili yao. Kwa maoni yetu huduma za umma, yaani zahanati, shule na pampu ya maji, zilipiwe na fedha za umma na za wafadhili. Nyumba za watu zipate ruzuku inayotofautiana kwa uwezo, na orodha isomwe hadharani kwenye mkutano wa kitongoji.

Orodha ya kaya za TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, ni mwanzo mzuri, ila haitoshi. Kwenye boma la Kimaasai kila mke ana nyumba yake, jiko lake na watoto wake. Ukihesabu boma la nyumba tano kama kaya moja, taa moja itakwenda kwa mzee na nyumba nne zitabaki na koroboi. Hesabuni milango, na mwulizeni mama wa kila nyumba, si msemaji wa boma peke yake.

Dhana: "Lipa kidogo kidogo inamfikia kila mtu."

Mtindo huu wa kuchukua mtambo wa sola na kuulipia kwa simu kwa awamu una mizizi hapa hapa: Off Grid Electric, ambayo baadaye ilijulikana kama ZOLA Electric, ilianzia Arusha. Umewafikia wengi wenye kipato cha kila siku au kila wiki. Mfugaji hana kipato cha namna hiyo. Anauza mbuzi siku ya mnada, na wakati wa ukame bei ya mbuzi huanguka pale pale fedha inapohitajika zaidi. Mkulima wa kahawa wa Rombo naye hupata fedha baada ya mavuno. Kifaa kinachojifunga siku saba baada ya malipo kukosekana kinawaadhibu hawa kwa kalenda yao. Shirika linaloingia ubia na kampuni lidai ratiba ya malipo inayofuata minada na mavuno, na muda wa neema wa kueleweka.

Bei nayo ijumlishwe mbele ya mteja. Kianzio cha shilingi 30,000 na shilingi 1,000 kwa siku kwa miaka miwili ni shilingi 760,000. Mtu aione namba hiyo kando ya bei ya taslimu kabla hajaweka sahihi. Angalieni pia laini ya simu inayolipia ni ya nani, maana mama anaweza kulipa miezi yote na kifaa kikabaki kwa jina la mwingine.

Dhana: "Wati 100 ni wati 100."

Lebo huchapishwa na yeyote. Beba futi kamba. Paneli nzuri za sasa hutoa kama wati 200 kwa mita moja ya mraba, hivyo wati 100 zinahitaji karibu nusu mita ya mraba. Paneli ya sentimita 60 kwa 50 ni mita 0.3 za mraba. Haiwezi kutoa wati 100, hata ikisifiwa vipi. Kisha ipime saa sita mchana penye jua kali kwa kipima umeme (multimita) kinachohimili amperi za paneli hiyo: volti bila mzigo na amperi za kushoti (nyaya mbili za paneli zikigusanishwa), ulinganishe na lebo. Amperi zikiwa nusu ya zilizoandikwa, rudisha paneli zote kwa muuzaji.

Waya nao huwaponza wengi. Waya wa milimita za mraba 2.5 ukipeleka amperi 10 umbali wa mita 10 kwenye mfumo wa volti 12 hupoteza takribani volti 1.4 kwenda na kurudi, na taa za mwisho hufifia huku kila mtu akilaumu betri. Wa milimita 6 hupoteza karibu volti 0.6. Fyuzi ikae karibu na betri. Kontrola, kifaa kinachodhibiti uchaji wa betri, iunganishwe na betri kwanza, paneli baadaye. Wakati wa kufungua, paneli zitangulie kutoka.

Dhana: "Arusha na Moshi kuna baridi, sola haifai."

Paneli inataka mwanga, si joto. Kila nyuzi moja ya joto la paneli juu ya 25 inapunguza nguvu kwa asilimia 0.3 hadi 0.4, hivyo ubaridi ni faida. Tatizo ni mawingu na vivuli. Tuko kusini kidogo mwa ikweta, na Juni na Julai jua liko kaskazini. Elekeza paneli kaskazini ili ziambulie mwanga wa miezi hiyo, kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi. Kwenye vihamba vya mlimani, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga, angalia migomba na migrevilea: kivuli juu ya pembe moja ya paneli kinaweza kukata sehemu kubwa ya umeme wake.

Dhana: "Nguzo ikifika, kazi yetu imekwisha."

Kibosho na Marangu nyumba inaweza kuwa chini kabisa ya waya na isiwe na umeme. Ada ya TANESCO ya kuunganishwa kijijini ni shilingi 27,000, lakini kutandaza nyaya ndani na kumlipa fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ni zaidi ya hapo. Nyumba ya chumba kimoja au viwili inaweza kutumia UMETA, kibao chenye swichi na soketi kisichohitaji kutandaza nyaya nyumba nzima. Hapo shirika la sola likubali ukweli: kumkopesha mjane gharama za kuingiza umeme wa gridi kunaweza kumsaidia kuliko kumuuzia mtambo mdogo wa sola. Lengo ni yeye kupata umeme.

Dhana: "Cheti cha NGO kinatusamehe kodi."

Usajili chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya 2002, ni jambo moja, na kutambuliwa na TRA (mamlaka ya mapato) kama shirika la hisani ni jambo jingine linaloombwa peke yake. Kodi ya mishahara na michango ya NSSF hulipwa kama kwa mwajiri yeyote. Msamaha wa VAT kwa vifaa vya sola unafuata bidhaa, si mnunuzi, na orodha inaweza kubadilika na Sheria ya Fedha kila Julai. Wakala wa forodha athibitishe kwa maandishi kabla hamjaagiza kontena.

Dhana: "Tumefundisha fundi wa kijiji, inatosha."

Kijana mmoja aliyefuzu vizuri atahamia mjini, na ni haki yake. Fundisheni wawili au watatu, angalau mmoja mama mwenye makazi ya kudumu pale. Kazi ya kila mwezi si ngumu: kufuta paneli asubuhi kabla hazijapata moto, kuangalia kiwango cha maji ya betri na kuongeza maji yaliyosafishwa (kamwe si asidi), kukaza na kusafisha vituo vya betri (mahali nyaya zinapofungwa), kuandika volti kwenye daftari. Ufundi mkubwa uachiwe waliosomea. Chuo cha Ufundi Arusha kina kituo chake cha nishati jadidifu Kikuletwa, wilayani Hai.

Betri zilizokufa nazo ni kazi ya shirika. Zikiachwa kijijini huishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu, asidi ikimwagwa ardhini na madini ya risasi yaliyomo yakiyeyushwa watoto wakiwa jirani. Kwenye mkataba wa ununuzi andikeni kwamba muuzaji atachukua betri ya zamani anapoleta mpya, atoe stakabadhi, na aonyeshe kibali cha kushughulikia taka hatarishi.