Kushinda Mahakamani Kisha Kunyang'anywa: Kesi za Ndoa za Jinsia Moja katika Majimbo ya Marekani

Mei 1993 Mahakama ya Juu ya Hawaii iliamua kwamba kuwanyima leseni ya ndoa wenzi wa jinsia moja ni ubaguzi wa kijinsia, na kwamba jimbo lilipaswa kutoa sababu nzito sana za kuuhalalisha. Desemba 1996 jaji wa mahakama ya chini akaona sababu hizo hazipo. Wadai walishinda mara mbili, lakini hakuna aliyefunga ndoa kwa nguvu ya hukumu hizo. Utekelezaji ulisimamishwa kusubiri rufaa, na mwaka 1998 wapiga kura wakarekebisha katiba ya jimbo ili bunge liweze kuzuia ndoa hizo.

Massachusetts, wadai walishinda Novemba 18, 2003, kwa majaji 4 dhidi ya 3. Siku 180 zikapita, na Mei 17, 2004 watu wakaoana. Wengi wakitafuta tofauti kati ya majimbo haya mawili huwatazama majaji. Mimi huanza na kifungu kinachoeleza jinsi katiba ya jimbo inavyorekebishwa.

Na kwa nini majimbo, si mahakama za shirikisho? Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitupa rufaa ya Baker dhidi ya Nelson, kesi ya wenzi wa jinsia moja walionyimwa leseni ya ndoa Minnesota, kwa sentensi moja tu: hakuna swali zito la kishirikisho. Mlango huo ukafungwa kwa miaka mingi. Lakini mahakama ya juu ya jimbo ndiyo yenye neno la mwisho kuhusu katiba ya jimbo lake. Kwa hiyo mawakili wa Vermont, Massachusetts na Iowa waliegemeza madai yao kwenye katiba ya jimbo peke yake. Ukichanganya humo Katiba ya Marekani, unampa aliyeshindwa njia ya kwenda Mahakama ya Juu ya Marekani.

Kesi yenyewe ilianzia kaunta ya ofisi ya leseni. Wenzi waliomba na kukataliwa. Bila kukataliwa hapakuwa na dhara la kulalamikia. Massachusetts zilikuwa jozi saba, Iowa sita. Walitafutwa watu waliokaa pamoja miaka mingi, baadhi wakilea watoto, kwa sababu hasara yao inaonekana wazi: mwenza anayezuiwa mlangoni mwa wodi, mirathi inayokwenda kwa ndugu wa mbali, mtoto ambaye mbele ya sheria ana mzazi mmoja tu. Hayo ni maumivu ya kweli, na jaji anastahili kuyasikia.

Kisha kilikuja kigezo, yaani kipimo ambacho jaji hutumia kuamua kama sheria inakubalika, na hapa kesi nyingi zilikufa. Jaji alipotaka tu sababu yoyote yenye mantiki, jimbo lilijibu kwamba ndoa ipo kwa ajili ya malezi ya watoto. Mwaka 2006 mahakama za New York na za jimbo la Washington zilikubali jibu la aina hiyo, na wadai wakashindwa. Mahakama ya Massachusetts ilitumia kigezo hichohicho chepesi na bado jimbo likashindwa, kwa kuwa sheria zake lenyewe ziliwaruhusu wenzi hao kuasili watoto. Ndiyo maana wakili makini husoma sheria ya kuasili kabla hajaandika neno moja kuhusu ndoa.

Nafuu, yaani kile unachotaka mahakama iamuru, nayo iandikwe kwa uangalifu. Vermont, Desemba 1999, mahakama iliwapa wadai haki zote za ndoa lakini ikaliachia bunge kuchagua njia, na bunge likaunda muungano wa kiraia, yaani hadhi yenye haki za ndoa bila jina la ndoa. New Jersey ikafuata njia hiyo mwaka 2006. Baraza la Seneti la Massachusetts liliuliza kama muungano wa namna hiyo ungetosha, na Februari 2004 mahakama ikajibu kwamba hautoshi.

Sasa turudi kwenye kile kifungu cha kurekebisha katiba. California, wananchi hukusanya saini na kurekebisha katiba kwa wingi wa kawaida wa kura. Hukumu ya kuruhusu ndoa hizo ilitoka Mei 2008. Novemba mwaka huohuo Pendekezo la 8, la kuzipiga marufuku, likapita kwa takriban asilimia 52. Ndoa zipatazo 18,000 zilizofungwa katikati zilibaki halali, lakini mlango ukafungwa. Massachusetts, pendekezo la wananchi huhitaji kwanza kura 50 kati ya wabunge 200, tena katika mabunge mawili yaliyochaguliwa moja baada ya jingine. Januari 2007, pendekezo la kuzuia ndoa hizo lilipata 62. Juni mwaka huohuo, mbele ya bunge jipya, lilipata 45, likafa. Muda huo wote watu walikuwa wakioana, na majirani wakiona kwamba hakuna kilichobomoka. Muda ndio ulinzi mkubwa kuliko wote, na katiba ngumu kurekebishwa ndiyo inayouleta.

Iowa, Aprili 2009, majaji wote saba walikubaliana. Huko pia marekebisho yanadai mabunge mawili mfululizo kabla ya kura ya wananchi. Hasira ikatafuta njia nyingine: Novemba 2010, katika kura ya kuamua kama majaji wabaki kazini, wapiga kura waliwaondoa watatu, Marsha Ternus, Michael Streit na David Baker. Hukumu yao haikuguswa. Mark Cady, aliyeiandika, hakuwa kwenye karatasi ya kura mwaka huo. Alipofika mbele ya wapiga kura mwaka 2016, walimbakiza.