Ian Holm: kuuvaa uhusika kwa kuvua

Mara ya kwanza kumwona Ian Holm, mwigizaji wa Kiingereza, sikujua kama namwona Ian Holm. Ilikuwa kibanda umiza: mabenchi ya mbao, televisheni moja, na yule jamaa wa kutafsiri anatuongezea maneno ambayo hayamo kabisa kwenye filamu. Siku hiyo ilikuwa Alien, ya 1979. Wote tulikuwa tunasubiri dude litoke. Ndani ya kile chombo cha angani kulikuwa na mtaalamu wa sayansi aitwaye Ash, mfupi, mpole, sauti ya chini, na hakuna aliyemjali. Kisha tone jeupe kama maziwa likamteremka pembeni mwa paji la uso. Kibanda kikanyamaza, hadi mtafsiri. Kumbe siyo mtu yule, ni roboti.

Leo kazi yangu ni kufundisha uigizaji, na darasani huwa narudisha filamu nyuma, kabla ya tone. Muangalieni anavyokimbia papo kwa papo kupasha mwili moto akiwa peke yake, kama mtu aliyesoma mahali kwamba binadamu hufanya hivyo. Muangalieni macho anapozungumza na wenzake, yanavyotulia pale ambapo wewe na mimi tungeyapepesa. Mtu mwingine angetuchezea roboti, shingo imekakamaa, sauti ya bati. Holm alicheza mtu mwenye adabu, akapunguza kitu kimoja tu ndani yake, na hatukujua ni kipi mpaka tumechelewa.

Wanafunzi wapya wote wanataka kuwa steringi. Sawa, ndoto haina kodi. Ila nikiwauliza kuuvaa uhusika ni nini, wananionyesha papo hapo: kwikwi, macho yametoka, mguu unachechemea. Kuvaa kwao ni kuongeza nguo juu ya nguo. Ndiyo maana namleta huyu Mwingereza ambaye karibu maisha yake yote hakuwa steringi kwa maana ya bango la filamu, na bado ukisoma ukurasa wa kazi zake unachoka kabla haujaisha.

Alizaliwa Septemba 1931 huko Goodmayes, mashariki ya London, katika hospitali ya wagonjwa wa akili ambayo baba yake, daktari, ndiye aliyekuwa mkuu wake. Sitaki kujifanya mganga wa nyota, lakini mtoto aliyekulia maeneo yale lazima alijifunza mapema kwamba mtu anaweza kutulia usoni huku ndani kunawaka moto. Akasoma RADA, chuo cha uigizaji cha London, akaingia Stratford, mji wa Shakespeare na jukwaa lake, mwaka 1954 akianza na vile vijinafasi vya kushika mkuki nyuma ya wakubwa. Miaka kumi baadaye, kwa Royal Shakespeare Company, kundi la tamthilia za Shakespeare, ndiye Richard wa Tatu na ndiye Henry wa Tano. Hebu fikiri: yule mfalme shujaa wa Waingereza, anachezwa na kijeba mwenye sauti isiyopiga mwangwi. Waliozoea wafalme wa kunguruma walipata tabu, lakini yeye alimcheza kijana askari aliyechoka, mwenye tope miguuni.

Na mwaka 1965, akiwa bado ananukia ufalme, akachukua nafasi ya Lenny katika The Homecoming, tamthilia ya mwandishi Harold Pinter. Lenny ni kuwadi wa London, suti safi, maneno laini, na kila sentensi yake ina wembe ndani. Tamthilia ikavuka bahari mpaka New York, na mwaka 1967 ikampa tuzo ya Tony, ile kubwa ya tamthilia za Marekani. Kwa Pinter, kimya kimeandikwa kwenye karatasi kama neno jingine lolote, na mwigizaji anayeogopa kimya hawezi kazi ile. Holm hakuogopa.

Au tulidhani haogopi. Mwaka 1976 alikuwa anacheza The Iceman Cometh jukwaani London, mchezo mrefu wa Eugene O'Neill, nafasi yenye hotuba za kumaliza pumzi. Katika maonyesho ya awali, kabla ya uzinduzi rasmi, kitu kikakatika ndani yake. Akatoka jukwaani, akaingia chumba cha kubadilishia nguo, na hakurudi. Ilikuwa hofu ya jukwaani, ile yenyewe, siyo hii yetu ya tumbo kuunguruma dakika tano halafu inapita. Kwa muda wa miaka kumi na kitu tamthilia karibu zilimpoteza.

Kuna watu wanaisimulia habari hii kama ajali iliyomfaidisha, maana ndipo filamu zikamiminika. Mimi siipendi namna hiyo ya kusimulia. Mtu aliumia. Lakini ni kweli kwamba kamera ilimpa kitu ambacho jukwaa kubwa humnyima mwigizaji wa aina yake: hakuhitaji tena kufikisha chochote kwenye safu ya mwisho.

Ushahidi wangu ni Chariots of Fire, 1981. Anamcheza Sam Mussabini, kocha wa mkimbiaji Harold Abrahams, Olimpiki ya Paris 1924. Mussabini analipwa kwa kazi yake, na enzi zile kocha wa kulipwa alionekana mtu wa mitaani, kwa hiyo uwanjani haendi. Yuko peke yake chumbani. Hajui nani kashinda mita 100. Anasikia wimbo wa taifa wa Uingereza unapigwa kule uwanjani, anaona bendera inapanda, na ndipo anaelewa. Hapigi kelele. Ana kofia yake ya majani makavu mkononi, na anaipiga ngumi mpaka mkono unatokea upande wa pili. Halafu anasema, kwa sauti ambayo hata jirani wa chumba asingeisikia, “mwanangu.” Basi.

Onyesho hilo lilimpa tuzo ya BAFTA, ile ya filamu ya Uingereza, na Oscar alipendekezwa akaikosa kwa John Gielgud, ambaye naye ni mtu wa jukwaani, kwa hiyo walau ilibaki ukoo mmoja. Zoezi langu linatoka hapo. Nampa mwanafunzi kitu cha mkononi, namwambia habari njema itapita dirishani, na marufuku kupaza sauti. Wengi wanaruka hata hivyo. Binti mmoja alikuwa na kanga. Aliikunja vizuri, akaikunjua, akaikunja tena upya kwa mikunjo ileile, na darasa zima likajua kwamba huyu kapata.

Wengi wenu mnamjua kama Bilbo, kwenye filamu za The Lord of the Rings zilizoanza 2001. Wachache wanajua kwamba mwaka 1981 alishamcheza Frodo, mpwa wa Bilbo, kwenye redio ya BBC, yaani alikuwa mpwa kwanza ndipo akawa mzee. Napoleon alimcheza mara tatu tofauti, na mwaka 2007 akampa sauti mpishi mkorofi wa katuni ya Ratatouille. Hizo nazipita haraka.

Jukwaani alirudi mwaka 1993, na Pinter huyohuyo, katika ukumbi mdogo wa Almeida, London. Kisha 1997, umri wa miaka 65, akamcheza King Lear, mfalme wa tamthilia ya Shakespeare, katika Cottesloe, ukumbi uliokuwa mdogo kuliko kumbi zote za National Theatre ya London, watazamaji wako karibu kiasi cha kuona jasho. Mchezo ulirekodiwa kwa televisheni, na hiyo rekodi ndiyo niliyoiona mimi. Inafika ile mvua, mfalme mzee amefukuzwa na binti zake, na Shakespeare anamtaka ayavue mavazi. Waigizaji wengi hubakiwa na shati, au shuka la heshima. Holm, yule aliyekimbia jukwaa miaka 21 nyuma, alivua yote, akasimama uchi mbele ya watu, mzee mfupi mwenye mifupa myepesi, na akaendelea kuzungumza.