Filamu ya mwisho ya distopia, na ule mtindo wa "Sehemu ya Pili"

Distopia ni jamii ya kubuni ambamo utawala umewakaba watu kooni: unaamua nani ale, nani afanye kazi gani na nani afe. Neno lina asili ya Kigiriki na maana yake ni mahali pabaya. Liliundwa kwa kugeuza utopia, jina ambalo Thomas More aliipa nchi yake ya kufikirika katika kitabu cha 1516. Riwaya za distopia za vijana humtupa ndani ya jamii hiyo binti au kijana wa miaka kumi na kitu, kisha humfuata, mara nyingi kwa vitabu vitatu, mpaka utawala uanguke.

Katika filamu, mzigo mzito hubebwa na ile ya mwisho. Ya kwanza hutembelea utamu wa ugeni: dunia mpya, sheria za ajabu, mashindano ya kifo. Ya pili huchochea uasi. Ya mwisho inakuta ugeni umekwisha na kilichobaki ni vita, halafu kuna swali ambalo zile za awali zililikwepa: dhalimu akishaondoka, nani anakalia kiti chake?

Mfano wangu ni The Hunger Games: Mockingjay – Part 2, ya 2015, inayofunga hadithi ya nchi ambamo utawala hulazimisha vijana kuuana katika mashindano. (Nitaeleza mwisho wake. Kama bado unapanga kuitazama, umeonywa.) Katniss Everdeen, binti shujaa wa hadithi, anapewa heshima ya kumuua Rais Snow, dhalimu aliyepinduliwa, kwa mshale mbele ya umati. Anavuta upinde, anauinua juu kidogo, na mshale unamwangusha Alma Coin, kiongozi wa waasi aliokuwa akiwapigania. Coin alikuwa ameshapendekeza mashindano mengine ya kuuana, safari hii kwa watoto wa Capitol, mji mkuu wa watawala. Tena kuna mabomu yaliyomuua Prim, mdogo wake Katniss, ambayo dalili zote zinaonyesha yalitoka upande wa waasi wenyewe. Filamu ya kawaida ya vita ingemalizia kwa kifo cha Snow na watu wakashangilia. Distopia inakwenda hatua moja mbele na kumwangalia mshindi usoni.

Mwisho huo una nguvu, lakini ulifika kwa watazamaji ukiwa umechoka, kwa sababu ya mtindo wa kupasua kitabu cha mwisho cha mfululizo kuwa filamu mbili. Njia ilifunguliwa na Harry Potter mwaka 2010 na 2011, Twilight ikafuata 2011 na 2012. Kwa Harry Potter kulikuwa na hoja, kwani kitabu kile kina kurasa zaidi ya 600. Pia kulikuwa na pesa: sehemu yake ya pili iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Mockingjay, kitabu cha Suzanne Collins, kina kurasa karibu 400 tu, nacho kikapasuliwa vilevile.

Matokeo yake yanaonekana tangu dakika ya kwanza ya Part 2. Katniss yuko kwa waganga, shingo imevimba, anajaribu kutamka jina lake na sauti haitoki. Aliyemkaba ni Peeta, kijana anayempenda ambaye Capitol ilimvuruga akili, lakini hilo lilitokea mwishoni mwa filamu iliyopita, mwaka mzima nyuma. Aliyesahau anabaki kujiuliza kulikoni. Part 1 nayo inatumia muda mwingi chini ya ardhi, Wilaya ya 13, makao ya waasi, kwenye kurekodi propaganda za waasi. Mimi naipenda sehemu hiyo, kwa kuwa inaonyesha jinsi shujaa anavyotengenezwa mbele ya kamera, ila ni nusu ya hadithi na inajua kuwa ni nusu.

Mapato yalishuka. Filamu ya pili ya mfululizo, Catching Fire, ilipata zaidi ya dola milioni 860 duniani, Part 1 kama milioni 755, na Part 2 karibu milioni 655. Hata hivyo jumlisha hizo mbili za mwisho uone kwa nini studio haikulia.

Kulikuwa na pigo jingine ambalo hakuna aliyelipanga. Philip Seymour Hoffman, aliyeigiza Plutarch, mmoja wa vigogo wa waasi, alifariki Februari 2014 kazi ikiwa haijakamilika. Mazungumzo yake ya mwisho na Katniss yakageuzwa kuwa barua, ikasomwa na Haymitch, mshauri wa Katniss.

Waliokuja kuumia hasa ni Divergent, mfululizo mwingine wa distopia ya vijana. Kitabu chao cha mwisho, cha Veronica Roth, nacho kilipasuliwa. Nusu ya kwanza, Allegiant, ilitoka 2016 na kuingiza takriban dola milioni 179 tu, pungufu sana kuliko zile mbili za mwanzo. Nusu ya pili, Ascendant, ilikuwa imepangiwa Juni 2017. Ikaahirishwa, ikazungumzwa kuhamishiwa kwenye televisheni, ikafa. Katika kitabu Tris, binti shujaa wa hadithi hiyo, anauawa, na wasomaji wengi hawakumsamehe Roth. Wapenzi wa sinema husema stelingi hafi. Kwa Tris ikawa kweli, maana filamu ya kumuua haikutengenezwa.

Maze Runner, mfululizo mwingine wa aina hiyo, wao hawakupasua. The Death Cure, filamu yao ya mwisho, ilichelewa hadi 2018 baada ya mwigizaji mkuu, Dylan O'Brien, kuumia vibaya kwenye upigaji picha, lakini ilipotoka ilimaliza kila kitu kwa mkupuo mmoja.

Mwongozaji wa Mockingjay, Francis Lawrence, alikiri mwaka 2023 kwamba anajutia kuigawa. Mwaka huohuo alitoa The Ballad of Songbirds & Snakes, kutoka kitabu kinene kuliko Mockingjay. Aliiacha iwe filamu moja, ya saa mbili na dakika 37.