Wajibu wa usalama mgodini: unambebesha nani, na kuimarisha sheria maana yake nini

Kila kifusi kinapofunika watu katika machimbo ya Kanda ya Ziwa, kama ilivyotokea Bariadi mnamo Januari 2024, hurudi wito kwamba sheria ya usalama migodini iimarishwe. Wengi wanaoutoa huwa wanafikiria adhabu: faini iongezwe, kifungo kirefushwe, leseni ifutwe. Adhabu ina nafasi yake, lakini humfikia mkosaji baada ya maiti kutolewa. Nguvu ya sheria ya namna hii hutegemea zaidi wajibu wa usalama, yaani jukumu analopewa mtu anayejulikana la kuchunguza hatari na kuizuia kabla haijamdhuru yeyote, kiasi kwamba akilipuuza anakuwa amevunja sheria hata siku ambayo hakuna aliyeumia.

Dhana hii ilipata sura yake ya sasa Uingereza, ambako kamati iliyoongozwa na Lord Robens ilieleza mwaka 1972 kwamba sheria za usalama zilikuwa nyingi mno na zenye vifungu vidogo vidogo, hata waajiri na wafanyakazi wakazoea kuona usalama kuwa kazi ya mkaguzi wa serikali. Sheria ya mwaka 1974 iliyofuata ikaweka wajibu wa jumla juu ya mwajiri. Nchi nyingi zilifuata njia hiyo, na Tanzania ni mojawapo: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri asajili sehemu ya kazi, awapime afya wafanyakazi na ateue wawakilishi wao wa usalama. Kwa upande wa migodi peke yake upo Mkataba Na. 176 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1995, ambao Zambia na Afrika Kusini ni miongoni mwa nchi zilizouridhia.

Mkataba huo una jambo moja linalostahili kusomwa polepole. Unampangia mwajiri mfuatano wa hatua: kwanza aiondoe hatari yenyewe, ikishindikana aidhibiti kwenye chanzo chake, kisha aipunguze kwa utaratibu salama wa kazi, na kwa hatari itakayobaki ndipo atoe vifaa vya kujikinga. Katika mialo, yaani sehemu za kusagia mawe na kuchenjua dhahabu, ya Misungwi na Geita mambo huwa kinyume, pale yanapokuwepo kabisa. Mtu anayelisha mawe makavu kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, hupewa barakoa ya kitambaa na kuambiwa ajilinde, ilhali kulowesha mawe na kulifunika karasha kungepunguza vumbi kabla halijafika puani kwake. Chini ya mfuatano huu, mwenye karasha hawezi kujitetea kwa barakoa kabla hajaeleza kwa nini hakutumia maji.

Ugumu mkubwa, kwa maoni yangu, uko kwenye neno mwajiri. Katika mgodi mkubwa kama wa Geita au Bulyanhulu mwajiri anajulikana, ana ofisi, ana orodha ya mishahara. Kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, yupo mwenye leseni, ambaye huenda anaishi mjini Mwanza. Yupo mwenye shamba. Yupo mwenye duara aliyekubaliana na mwenye leseni. Yupo mfadhili anayetoa fedha za chakula, matimba (magogo ya kuzuia kuta zisibomoke) na kompresa. Kisha wapo vijana wanaoshuka chini na kulipwa kwa mgawo wa mifuko ya mawe. Hakuna mkataba wa ajira ulioandikwa. Duara likibomoka, kila mmoja humnyooshea kidole mwenzake, na mara nyingi huishia kulaumiwa marehemu kwamba alishuka bila ruhusa. Kanuni za madini humtazama zaidi mwenye leseni, na hilo ni sawa, ila aliyekataa kununua matimba kwa kuona yanapunguza faida anaweza kuwa mfadhili, ambaye jina lake halimo kwenye karatasi yoyote. Kuimarisha sheria hapa ni kuandika waziwazi kwamba kila mwenye mamlaka juu ya duara, au anayechukua sehemu ya mawe yake, anabeba wajibu kwa kadiri ya mamlaka hayo, na kwamba kulipwa kwa mgawo hakumwondolei mchimbaji haki ya kulindwa.

Vumbi linaonyesha pengo hilo vizuri kuliko kifusi. Vumbi la silika, linalotoka kwenye mawe yanayosagwa, hutia makovu mapafuni, humweka mtu katika hatari kubwa zaidi ya kifua kikuu, na tangu mwaka 1997 limeorodheshwa na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani kuwa kisababishi cha saratani. Madhara yake kwa kawaida huchukua miaka. Mtu anapofikishwa hospitali ya Bugando, Mwanza, akihema kwa shida, huenda ameshaacha machimbo zamani na duara alilochimba limefukiwa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, hutegemea michango ya waajiri. Ambaye hakuwahi kuwa kwenye orodha ya mishahara ya mtu yeyote atapata shida hata kuthibitisha kwamba alikuwa mfanyakazi.

Kuhusu zebaki, ambayo wachimbaji hutumia kunasa dhahabu, Tanzania iliridhia mwaka 2020 Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki. Mkataba huo unataja kwa majina vitendo vya kukomeshwa, kikiwemo kuchoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu hadharani au katika makazi ya watu. Kutaja kitendo namna hiyo humrahisishia mkaguzi kazi.

Wakaguzi wenyewe wamegawanyika kati ya Tume ya Madini na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, na maduara hufunguka haraka kuliko magari yao yanavyoweza kufika. Hata hivyo serikali haikosi mbinu za kufuatilia mambo. Tangu masoko ya madini yaanze mwaka 2019, dhahabu hupimwa, huandikwa na kutozwa mrabaha. Mfumo unaoweza kuifuata gramu ya dhahabu kutoka machimboni hadi sokoni unaweza pia kudai, kabla ya mauzo, jina la msimamizi wa usalama wa duara ilikotoka.

Ipo pia haki ambayo Mkataba Na. 176 unampa mchimbaji mwenyewe: kuondoka mahali anapoona, kwa sababu za msingi, kuwa pana hatari kubwa. Kwa mwenye mshahara haki hiyo ina maana iwapo hatakatwa malipo. Kwa kijana wa mgawo, anayeona maji yanachuruzika ukutani usiku wa kuamkia siku ya kugawana mawe, kupanda juu ni kuacha mifuko yake kwa wenzake waliobaki. Kifungu kinachokusudia kumlinda hakina budi kusema kwamba mgawo wake unabaki palepale hadi duara likaguliwe.