Urithi wa Kusini: tunayoyaamini na yaliyo kweli

Taja makumbusho ya historia Mtwara au Lindi, na wengi watadhani ni chumba cha vyungu vya kale kwa ajili ya watalii. Kumbe makumbusho hayo yangekuwa mahali pa kwanza pa kurekebisha dhana potofu kuhusu urithi wetu, kama hizi zifuatazo.

"Kinyago halisi cha Kimakonde ni cha mpingo." Dhana hii imeenea kuliko zote. Mpingo ni mzito hadi unazama majini. Nani angecheza nao kichwani usiku kucha? Lipiko, kinyago cha ngoma ya jando, huchongwa kwa mti mwepesi. Kitazame kwa karibu: kimekwanguliwa ndani mpaka kikawa chembamba, nywele mara nyingi ni za binadamu kweli, na usoni nta ya nyuki imefinyangwa kufuata chale walizochanjwa wazee wetu. Vingine hufunika kichwa kizima, mchezaji akichungulia kupitia mdomo wa kinyago. Michongo ya mpingo ilishamiri karne ya 20, soko la wageni lilipofunguka; mtindo wa shetani, yaani michongo ya mapepo yenye maumbo ya ajabu, ulizuka miaka ya 1950, na anayetajwa kuuasisi ni Samaki Likankoa. Upya wake hauufanyi kuwa bandia. Ila uelezwe hivyo, tena kwa jina la mchongaji. Kibao kinachosema "Wamakonde" tu kinamfuta mtu.

"Mijusi wa Tendaguru walichimbwa na Wajerumani." Msafara wa 1909 hadi 1913 wa kuchimba mifupa ya mijusi hao wakubwa wa kale (dinosaria) kule Tendaguru, Lindi, ulikuwa wao, lakini mikono ilikuwa ya wenyeji, mamia kwa mamia, chini ya msimamizi Boheti bin Amrani. Wapagazi walibeba mifupa kwa miguu siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, jumla zaidi ya tani 200. Leo mmoja wa mijusi hao amesimama Berlin, urefu zaidi ya mita 13 kwenda juu. Mjadala wa kumrudisha uendelee. Jina la Boheti halihitaji kusubiri mjadala huo ili libandikwe ukutani Lindi.

"Kilwa Kisiwani ilijengwa na Waarabu." Hapana. Wageni walikuja, wakafanya biashara, wakaoa, lakini mji ule wa matumbawe na chokaa ni wa Waswahili.

Na wapo wanaosema ufinyanzi ni kazi duni, haufai kabati la kioo. Mama anayeinua chungu kwa mikono mitupu, bila gurudumu, ana ujuzi wa miaka. Chungu chake kikiwekwa kabatini, kiandikwe alichimba wapi udongo, alikichomaje, na anaitwa nani.