Bibi, ugoro nao ni tumbaku

Juzi bibi mmoja wa Mikindani alikaa kwenye kiti changu cha meno. Nikamuuliza kama anatumia tumbaku. "Mie navuta wapi, mjukuu wangu?" Kufunua mdomo wa chini, nyama ya ndani imekunjamana, nyeupe kama kidole kilicholowa kwa kufua kutwa. Kikopo cha ugoro kiko kwenye pindo la khanga.

Dhana: Ugoro hauna moshi, basi hauna madhara.

Hii ndiyo iliyonichosha. Sumu haingoji kiberiti. Tumbaku ikikaushwa na kuvundikwa hutengeneza kemikali ziitwazo nitrosamini, nazo zinaleta saratani ya kinywa bila moshi hata kidogo. Halafu tunatia magadi ili "ukolee". Unakolea kweli: magadi huachia nikotini ipenye upesi, tena yanachubua. Mate nayo yanaonyesha madhara hayo. Chembe korofi za oksijeni zikizidi nguvu za kinga ya mwili, mafuta ya kuta za seli huvunjika na kuacha taka iitwayo malondialdehaidi. Maabara huchanganya mate na tindikali ya thiobabituriki, hupasha moto, na rangi ya waridi ikitokea huisoma kwa mashine kwenye nanomita 532. Tafiti nyingi zimekuta malondialdehaidi hiyo ikiwa juu kwa wavutaji, na kwa wanaoweka ugoro mdomoni pia.

Dhana: Basi nipimwe mate nijue kama nina kansa.

Hapana. Kipimo hicho ni cha utafiti, kinalinganisha makundi ya watu. Hakuna namba ya kumwambia mtu mmoja "wewe mzima". Fizi zilizooza tu zinapandisha majibu, na mate yenye damu yanayaharibu. Kidonda kikipita wiki mbili bila kupona, njoo tukate kinyama tupime. Usisubiri msimu wa korosho uishe.

Dhana: Fizi zangu hazitoki damu, ziko salama.

Nikotini hubana mishipa, ndiyo maana damu huioni. Jino linalegea kimyakimya.

Dhana: Mabibo yanasafisha kinywa.

Yana vitamini C tele, kula. Ila usile bibo, ukafuta mdomo, ukarudisha ugoro palepale.

Bibi nimempa wiki mbili akae bila ugoro, nione kama ule weupe utapungua. Kaniuliza, "Na wa puani je?"